Gesti, banda au nyumba nzima: ukienda pwani na familia, lipia nini?

Kila Desemba simu yangu hupokea swali lile lile: "Tunataka kwenda kupumzika pwani, tulale wapi?" Anayeuliza huwa ameshapenda picha ya chumba chenye dirisha linalotazama bahari, anataka tu nimuunge mkono. Simuungi. Bahari haina kiingilio. Kama utalipia dirisha la kuitazama, hakikisha kwanza maji yatakuwepo.

Hapo ndipo sisi wa bara huumia. Upande wa mashariki wa Unguja, Paje na Jambiani, maji yakipwa hukimbilia huko kwenye mwamba, na mbele yako unabaki mchanga, mabwawa ya maji ya magotini na akina mama katika mashamba yao ya mwani. Siku za bamvu, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Saa nne asubuhi watoto wameshavaa nguo za kuogelea, na pa kuogelea hakuna. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, mambo hugeuka: bahari hujaa baada ya chai ya asubuhi, na hata ikipwa haiendi mbali. Kwa hiyo kabla ya kutuma hela ya kushikia chumba, tazama kalenda ya mwezi. Nungwi na Kendwa, kule kaskazini, unaogelea karibu saa yoyote, na wenye hoteli wanalijua hilo kwenye bei.

Nafasi ya kwanza kwangu ni gesti ndogo ya mtaani, mwendo wa dakika kumi kutoka ufukweni. Mfano wangu ni Pangani, mkoani Tanga. Chumba chenye feni na chandarua, choo na bafu humo humo, na ukitoka mlangoni uko mjini: majumba ya zamani, mto, pantoni ya kwenda Bweni, samaki wa kukaanga jioni. Hela unayookoa kwenye chumba inakodi chombo cha kwenda Maziwe, kile kisiwa cha mchanga ambacho maji yakijaa hukioni tena. Chombo hulipiwa kizima, basi tafuteni wageni wenzenu mchangie.

Lakini gesti haichaguliwi kwa rangi ya ukuta. Ingia bafuni, fungua bomba, onja. Visima vingi vya pwani vina chumvi. Utajipaka sabuni hadi ichoke, povu hakuna, na wenye nywele za kusuka watajuta. Kisha uliza umeme ukikatika feni itazungushwa na nini. Tazama dirisha limeelekea wapi: kuanzia Desemba hadi Machi upepo ni kaskazi, unatoka kaskazini mashariki, na chumba kilichoupa mgongo ni tanuri. Katikati ya mwaka ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Uliza pia baa ya jirani inapiga muziki hadi saa ngapi Jumamosi. Na ukiona mapokezi pana bei ya "muda mfupi", aga kwa adabu, shika watoto mkono, endelea na safari.

Mkiwa watu sita na kuendelea, nyumba nzima inaipita gesti. Bagamoyo inafaa sana kwa hili: ni kama kilomita 70 tu kutoka Dar, na soko la samaki liko pale pale ufukweni, unanunua asubuhi, unapika mwenyewe. Mchana mnakwenda Kaole kutazama magofu. Ila usitume hela yote kwa sababu ya picha, picha huibwa. Mwombe mwenye nyumba akupigie simu ya video akiwa ndani, afungue jiko, afungue friji. Mimi niliwahi kufika na watu tisa, mtungi wa gesi umekwisha na mwenyeji hapokei simu. Tulikula mihogo ya kuchoma siku ya kwanza. Ilikuwa mitamu, lakini hatukuwa tumelipia hiyo.

Ya tatu ni banda la ufukweni, kama yale ya Ushongo, kusini ya mto Pangani. Kwa maharusi ningeliweka la kwanza. Kwa familia, kumbuka jikoni ni kumoja, bei ni yao, na duka la kununua maziwa ya mtoto halipo hatua mbili.

Hoteli kubwa ya kila kitu ndani naiweka mwisho. Kama kazini wamewapeleka semina, nenda ukafaidi. Ukilipa mwenyewe, uliza bei ya wakazi kabla hawajakutajia dola, na uwe na kitambulisho.

Mji Mkongwe wa Unguja nauweka pembeni, kwa kuwa pale gesti nyingi ziko ndani ya majumba ya kale. Ni nzuri, ila ngazi zake ni kali. Ukienda na mama mkwe mwenye magoti mabovu, sema mapema mnataka chumba cha chini. Na ukishuka boti, taja gesti unayokwenda na utembee kama mwenyeji. Wale vijana wanaojitolea kukusindikiza wanaitwa papasi, jina la mdudu anayenyonya damu, na ujira wao mara nyingi huongezwa kwenye bei ya chumba chako.

Jambo la kupatana mapema: saa ya kutoka. Gesti nyingi zinataka chumba saa nne asubuhi, na siku za maji mafu ndiyo saa ambayo bahari imejaa vizuri. Mwombe mwenye gesti akuwekee mizigo, na akuachie bomba la uani msuuze chumvi kabla ya basi.