Pomboo wa bwawani na pomboo wa Kizimkazi: nimelipia kote kuwili

Bwawa nalipa nyota mbili, na moja ni ya kiyoyozi. Jina la mahali silitaji. Ni katika mji mmoja wa Ghuba ninakofanya kazi, na binti yangu alinisumbua wiki nzima hadi nikakata tiketi.

Michezo ilikwenda bila kasoro. Pomboo waliruka pete, wakarushiana mpira, na kila mchezo ukiisha filimbi inalia, samaki mmoja anatoka kwenye ndoo. Tulikaa mstari wa mbele, nikamwona mwalimu wao akisokomeza kidonge kwenye matamvua ya samaki kabla ya kumrusha. Kuuliza, naambiwa ni vitamini, kwa kuwa samaki wa barafu hupungukiwa.

Watu walipotoka tulibaki nyuma tunatafuta kiatu cha mtoto. Pomboo mmoja alikuwa anaelea kando ya lango la chuma, kimya, pua imeelekea ukutani. "Baba, mbona anacheka peke yake?" Nikamwambia hacheki, ndivyo mdomo wake ulivyoumbwa. Hata akiumwa utadhani anacheka.

Februari tukaja likizo Unguja, nikampeleka Kizimkazi, kijiji cha kusini mwa kisiwa. Tuliondoka upande wake wa Mkunguni alfajiri na nahodha mtu mzima, aliyetuambia kwamba ujanani mwake pomboo walivuliwa wakawa chambo cha papa. Wageni walipoanza kumiminika miaka ya 90, ikaonekana pomboo hai ana faida zaidi.

Kundi la kwanza walikuwa kama saba, wanakwenda taratibu, wanaibuka na kuzama pamoja. Wamelala hao, akasema mzee. Pomboo hulaza nusu ya ubongo, nusu ya pili ibaki macho apande kuvuta pumzi. Hawakulala sana. Zikaja boti tisa, mashine zinanguruma, watu wanajirusha majini juu yao kabisa. Pomboo wakazama, wakaibukia mbali, boti nyuma yao tena. Nilijiona sina tofauti na watazamaji wa kule bwawani, ila hapa hakuna ukuta.

"Mwanangu, hawa ukiwakimbiza huwapati," akasema mzee, akageuza boti kuelekea kusini na kuzima mashine. Tukakaa. Jua likaanza kuchoma. Kisha nikasikia *pfuu!* ubavuni mwetu: jike mwenye pezi la mgongoni lililomeguka ncha, na mtoto amemganda ubavuni. Wakapita chini ya boti, wakaenda zao. Dakika tatu hazikufika, na bwawani tulitazama karibu saa nzima.

Kizimkazi naipa nyota nne. Ya tano wamenipotezea wale wa boti tisa. Kabla hujatoa pesa, muulize nahodha kama huzima mashine, na ukikuta wenzako wameshalizunguka kundi, mwombe ageuze. Wetu hakukasirika hata kidogo. Na beba dawa ya kichefuchefu. Mimi sikubeba, nikatapika mbele ya mwanangu.