Uzoefu wangu na Krita: nilivyojifunza kumchora na kumpaka rangi Darth Vader

Nilipakua Krita, programu ya kuchora kwenye kompyuta, kwa sababu ni bure. Si bure ya siku 30 halafu unadaiwa; ni bure kabisa, haikutaki ujisajili, na ikishaingia kwenye kompyuta inachora bila intaneti. Kwa sisi tunaonunua bando la siku, hilo ni jambo kubwa. Nilikuwa na kibao cha kuchorea cha mtumba na hamu ya miaka mingi ya kumchora Darth Vader, yule adui mwenye barakoa na joho jeusi wa sinema ya kwanza ya Star Wars, ile ya 1977, hadi rangi ya mwisho.

Rafiki yangu aliniuliza, si mweusi tu huyo? Nami nilidhani hivyo. Nikachora mstari wa nje, nikamwaga nyeusi, akatoka bapa kama kivuli ukutani.

Hapo ndipo tabaka za Krita, zile kama karatasi angavu zinazolaliana na kila moja unaichora peke yake, zilipoanza kunifundisha. Nilitenga chapeo tabaka lake, suti ya ngozi lake, joho lake. Kila moja nililianza kwa kijivu kizito, nyeusi tupu nikaihifadhi kwa mikunjo na matundu. Halafu mwanga, kutoka upande mmoja tu, wenye ubluu kidogo. Kwenye chapeo inayong'aa, mpaka wa mwanga na giza huwa mkali kama umekatwa kwa wembe. Kwenye ngozi unalainika. Kwenye joho karibu haupo, kitambaa kinaumeza mwanga wote. Vitu vitatu vyeusi, na jicho linavitofautisha bila kuambiwa. Kuna pia kitufe cha kufunga tabaka ili rangi isivuke pale ulipokwisha kupaka; bila hicho ningekuwa bado nafuta kingo hadi leo.

Nilipotazama picha za chapeo ile ya 1977 kwa makini, nikaona hata yenyewe si nyeusi yote: sehemu za uso zimepakwa kijivu cha chuma. Miaka yote sikuwahi kuliona hilo.

Kifaa kilichonifurahisha mwanzoni ni kile cha kioo: unachora nusu ya uso, nusu ya pili inajichora. Dakika kumi tu barakoa imekamilika. Lakini kila nikiiangalia, haikuwa yeye. Sababu nikaipata baadaye. Barakoa ya kwanza ilifinyangwa kwa mkono, kwa udongo, na mchongaji Brian Muir huko Uingereza, na pande zake mbili hazilingani. Ile ya sinema ya Star Wars ya 2005 ndiyo iliyosawazishwa. Nikazima kioo, nikachora upande wa kushoto upya, shavu nikaliinua kidogo. Akawa yeye. Kioo kitumie kwa mstari wa kwanza tu, kisha kizime.

Mkono ukitetemeka, washa utulivu wa brashi. Mkunjo mrefu wa ukingo wa chapeo unatoka kwa mkupuo mmoja.

Kompyuta yangu ina RAM ya GB 4, ni ndogo. Kwenye turubai ya pikseli 4000 brashi ilichelewa kuufuata mkono, nikashuka hadi 2000 ikawa nafuu. Mwenye GB 8 atachora kwa raha zaidi. Siku moja umeme ulikatika nami nikiwa katikati ya joho, na betri yangu ilishakufa. Nilipowasha tena, programu ikaniuliza kama nataka kuurudisha mchoro uliojihifadhi wenyewe. Nilipoteza mikunjo miwili mitatu tu, nikashukuru sana.

Kwa kipanya inawezekana, ila utachoka. Tafuta kibao hata cha bei ya chini, kalamu yake iwe na uwezo wa kuhisi mgandamizo.

Nimemchapa kwenye karatasi ya A3, yuko ukutani juu ya meza. Sasa niko kwa R2-D2, yule roboti mdogo wa sinema hiyohiyo: kile kichwa chake cha rangi ya fedha kimeshakula tabaka nane, na bado sijafika kwenye miguu.