Splinti ya mkono ya kuvaa usiku: uzoefu wangu wa miezi mitatu

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo mkono wa kulia ndio mtaji wangu. Ulipoanza kufa ganzi usiku nilidhani nimeulalia tu. Ikawa kila siku, saa nane saa tisa hivi, naamka vidole vinachoma kama vimevamiwa na siafu. Naukung'uta mkono dakika mbili tatu ndipo usingizi unarudi. Mchana kulikuwa na nafuu, ila sindano nilikuwa naishika na siisikii. Siku moja nilishona kifungo kizima kwa kutegemea macho tu.

Nilianza na dawa ya kuchua, vidonge vya maumivu na vitamini. Dawa ya kuchua ilinukia vizuri, basi. Na hizo vitamini kuweni nazo makini: B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe huharibu neva (mishipa ya fahamu), na mimi nilikuwa nameza vidonge vya aina mbili, vyote vina B6, wala sikuwa nimesoma kibandiko.

Daktari aliniuliza swali moja kwanza: kidole cha mwisho nacho kinakufa ganzi? Nikafikiri, nikasema hapana. Ni gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kumbe jibu lilikuwa hapo. Neva ya vidole hivyo hupita kwenye kifundo cha mkono ndani ya njia nyembamba, chini mifupa, juu utando mgumu, na humo inabanana na kano tisa za kukunjia vidole. Kukivimba kidogo tu, neva inaminywa. Kidole cha mwisho kina neva yake, na hiyo haipiti humo. Akaniambia nikunje mikono, migongo ya viganja igusane, vidole vitazame chini, nikae hivyo dakika moja. Sikufika hata nusu, siafu hao! Akapima sukari na tezi ya shingoni, kwa kuwa vyote viwili huweza kuleta hali hii (ujauzito pia). Majibu yakawa mazuri, akaniambia nivae splinti kila usiku kwa wiki sita, tuone.

Splinti yenyewe ni kitambaa kizito chenye mikanda mitatu ya velkro, na upande wa kiganja kuna mfuko wenye bamba la alumini. Kazi yake ni kukuzuia usikunje mkono usingizini, maana mkono ukikunjwa ile njia inazidi kubana. Wiki ya kwanza sikuona tofauti yoyote, nikakaribia kuitupa. Niliporudi nayo, daktari akachomoa bamba akanionyesha: limetoka kiwandani limepinda, linausukuma mkono nyuma. Mkono uliorudi nyuma nao unaiminya neva. Akaliegemeza kwenye ukingo wa meza, akalikandamiza kwa kiganja mpaka likanyooka karibu kabisa, akalirudisha mfukoni mwake. Karatasi ya maelezo haikugusia hilo hata kwa neno moja! Usiku wa tatu baada ya hapo nililala mpaka asubuhi.

Kasoro zipo. Inatia joto, velkro inanasa shuka, na mshono wa ndani kwenye tundu la gumba unakwaruza. Mimi niliufunika kwa kipande cha pamba, ufundi nao una faida zake. Ukiamka na alama nyekundu, umekaza mno. Kosa langu jingine ni kuivaa kazini. Unashindana nayo siku nzima, jioni bega linauma kuliko mkono. Sasa mchana naivua, na kazi za mkasi mzito nazikatisha kwa mapumziko.

Kufikia wiki ya sita usiku ulikuwa umetulia. Ganzi ya mchana ndiyo iliyokuwa kaidi, ilichukua karibu miezi mitatu kuisha.

Siyo ya kila mtu, lakini. Mwenzangu kazini aliiga akanunua kama yangu, akaivaa muda mrefu bila mafanikio. Ganzi yake ilikuwa ya kidole cha mwisho, na neva yake ilikuwa inabanwa kwenye kiwiko. Na kama ganzi haiondoki mchana wala usiku, au nyama ya chini ya gumba imeanza kunywea, usikae na splinti ukisubiri. Kuna sindano ya steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe, na kuna upasuaji mdogo wa kuukata ule utando ili neva ipate nafasi. Ikichelewa sana, nguvu ya gumba inaweza isirudi yote.

Mimi ningeinunua tena, na kwa kweli ndicho ninachofanya. Wiki iliyopita mkono wa kushoto nao umeanza kuniamsha. Nilijaribu kuigeuza hii ya kulia, gumba likakosa pa kutokea. Ya kushoto nimeagiza saizi ndogo kidogo, na bamba nitalinyoosha kabla sijaivaa.