Bango la ratiba ya Kombe la Dunia 2026: kabla hamjalibandika ukutani hapa Lubumbashi

Jambo yenu wandugu wa mitaa yetu ya hapa Lubumbashi, wa Kamalondo, wa Kenya, wa Katuba, wa Ruashi, hata nyinyi wa Likasi na Kolwezi. Hili mnaloliona nyuma yangu ndilo lile bango ambalo wengi mmenitumia picha yake mkiuliza: tununue au tuache? Mimi nimelipata kwa franka elfu tano pembeni ya soko la Kenya, na lina wiki mbili ukutani kwangu. Nunueni. Ila mkilifuata kama lilivyochapwa, mtaamka usiku wa manane mkute hakuna mpira wowote.

Kwanza niwaoneshe lilivyo. Mechi zote 104 zimo, timu 48, makundi 12 ya timu nne nne, miji 16 ya Marekani, Meksiko na Kanada. Linaanzia hapa juu, tarehe 11 Juni, uwanja wa Azteca, Meksiko na Afrika Kusini, na linaishia kule chini, fainali ya tarehe 19 Julai, New Jersey. Maandishi yanasomeka hata mkikaa mbali, na hilo nimelipenda. Karatasi inang'aa, kwa hiyo biki inateleza. Tafuteni kalamu nene ya wino. Halafu msibandike kwa gundi wakati huu wa mvua, kuta zina unyevu. Langu lilidondoka usiku wa pili, sasa nimelipigilia kwenye ubao.

Tuje kwenye saa. Angalieni hapa: mechi ya ufunguzi wameandika saa mbili usiku. Hiyo ni saa ya Kinshasa. Sisi huku tuko mbele yao kwa saa moja, kwa hiyo mpira utaanza saa tatu usiku. Mtu atasema saa moja si kitu, unaongeza tu. Ni kweli, ongezeni. Shida kubwa iko kwenye tarehe: waliochapa wamehesabu saa kwa Kinshasa, lakini tarehe wameziacha za kulekule Amerika. Kule mechi ikichezwa usiku wao, huku kwetu kumeshakuwa kesho. Ndiyo maana mechi ya Guadalajara imeandikwa tarehe 23 Juni, saa tisa usiku. Ukiamka usiku huo umewahi siku nzima! Kwetu ni saa kumi alfajiri, usiku wa kuamkia tarehe 24. Mimi nimechukua kalamu nyekundu nikapitia kila mechi ya usiku, nikasogeza tarehe. Imenichukua jioni nzima, lakini fanyeni hivyo mapema, kabla Juni haijafika na baridi yake.

Na hiyo mechi ya Guadalajara nimeitaja kwa makusudi. Tazameni Kundi K: Ureno, Uzbekistan, Kolombia, halafu mstari mtupu. Huo mstari ni wetu tukiupigania. Tarehe 31 Machi Chui, timu yetu ya taifa ya Kongo, wanacheza hukohuko Guadalajara na mshindi kati ya Jamaika na Kaledonia Mpya. Wakishinda, hizi ndizo mechi zao, na saa nimeshazigeuza kuwa za Lubumbashi: Ureno pale Houston, tarehe 17 Juni saa moja jioni, mtakuwa hata hamjala bukari, Kolombia ni ile ya alfajiri, na Uzbekistan pale Atlanta, saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 28.

Wengi mmeniuliza hii mistari ya hatua ya mtoano, mbona imejaa herufi. Msiogope. Wawili wa kwanza wa kila kundi wanapita, hao ni 24. Wanaongezwa wa tatu bora wanane, yaani kati ya timu 12 zilizoshika nafasi ya tatu, nane zinapita na nne zinarudi nyumbani. Bango haliwezi kujua ni nane zipi, ndiyo maana kwenye mstari mmoja wameweka herufi za makundi kadhaa. Kwa timu kama yetu, kanuni hii ni mlango. Kwenye Euro ya 2016 nafasi za tatu zilipita kwa kiasi hichohicho, nne katika sita. Kuna timu ilitoka sare mechi zote tatu, ikapita ikiwa ya tatu na pointi tatu, mwisho ikabeba kombe. Timu hiyo ni Ureno, hawahawa wa Kundi K.

Kitu kimoja kimeniuma. Hapa pembeni kuna sehemu ya historia, na kwa nchi yetu wameandika maneno machache tu: Zaire 1974, magoli 14 ya kufungwa, sifuri ya kufunga. Hesabu ni sawa: Skotilandi 2, Yugoslavia 9, Brazili 3. Lakini wale vijana walikuwa mabingwa wa Afrika mwaka huohuo, na ndio walikuwa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Golikipa Kazadi, beki Bwanga aliyekuwa mchezaji bora wa Afrika 1973, na Mwepu Ilunga, wote walitoka klabu ya hapa kwetu, hii tunayoiita leo Mazembe. Mtoto wa Kamalondo akisimama mbele ya bango hili, anastahili kuyasoma na hayo. Mimi nimeyaandika chini yake kwa mkono.

Mkienda kununua, mwambieni muuzaji alikunjue muone Kundi K. Yako ya aina mbili. Lipo ambalo tayari wamechapa Kongo kwenye ule mstari, na lipo lenye mstari mtupu. Chukueni lenye mstari mtupu. Kwenye mchujo wa Afrika, nahodha wetu Mbemba aliwafunga Kameruni dakika ya 91, siku tatu baadaye tukakaa hadi penalti na Nigeria, na yeye mwenyewe ndiye aliyepiga ile ya mwisho iliyotupitisha. Baada ya usiku kama zile mbili, jina hilo nataka kuliandika mwenyewe. Kalamu nimeifunga kwa kamba, inaning'inia hapa, mnaiona.