Fundi wa chini ya mwembe Isevya, oil ilikuwa inavuja mwezi mzima kaimaliza kwa mpira mmoja tu

Naandika hii kwa wenzangu wa Tabora wenye vigari vya mkononi kama changu, maana nimeteswa na nisingependa mwingine apite nilipopita. Gari yangu ni Toyota IST ile ya injini ya 1NZ, nimeinunua kwa mtu, ninaitumia kufuata asali Sikonge na kuzungukia wateja hapa mjini. Haikuwa na shida yoyote ya oil mpaka siku niliyoipeleka gereji moja (siitaji jina) kumwaga oil na kubadilisha filta.

Kesho yake asubuhi natoa gari naona chini kuna alama nyeusi kama sahani ya chai. Nikarudi, wakasema filta uliyoleta feki dada, nunua nyingine. Nikanunua. Siku mbili ikatulia afu ikaanza tena, na safari hii ikawa mpaka harufu, yani ukisimama unasikia oil inaungua kwa sababu ikidondoka gari ikiwa mwendoni upepo unaipeleka nyuma inakutana na bomba la egzosti. Nikarudi mara ya tatu, filta nyingine tena, na sasa kijana akaipaka silikoni pembeni yote kama anaziba sinki, akaikaza na spana ya mnyororo mpaka bati la filta likabonyea. Nikamuuliza hii ni sawa kweli? Akanijibu "dada wewe endesha tu." Nikaendesha. Natoka Sikonge na madumu ya asali kwenye buti taa nyekundu ya oil ikawaka. Nikazima gari hapo hapo pembeni ya barabara, nikapima na dipstiki (kile kijiti cha kupimia oil), kitu hakuna, kikavu. Ilibidi nimsubiri mtu aniletee oil kwa bodaboda, nikajaza, nikarudi mdogo mdogo huku kila baada ya muda nasimama kupima.

Ndo jirani yangu akaniambia kuna mzee Isevya, hana kibao wala geti, ana mwembe, benchi na mawe mawili ya kuzuia tairi. Nikafika, mwangaluka baba, shikamoo, akaitikia huku keshainama anachungulia chini ya gari. Nikaanza kumwambia filta ya nne nimekuja nayo hii hapa, akasema "iweke kwenye siti kwanza mwanangu, sijajua kama ni filta."

Hapo ndo aliponikamata. Wenzake wote walianza kwa kuniagiza dukani, yeye alianza kwa kuosha. Akachukua petroli kidogo kwenye kopo na brashi ya rangi, injini ikiwa imepoa, akasafisha kuanzia juu mpaka kwenye sampo (bakuli la oil chini ya injini), akafuta na tambara, akaacha pakauke kabisa. Afu akaniuliza una poda? Nikajua mzee ananitania. Kumbe kweli, poda ya mtoto, nikaenda kununua dukani, akaipuliza pale filta inapokaa, kwenye swichi ya oil presha na kwenye nati ya kumwagia oil, pote pakawa peupe. Akawasha gari. Tukakaa tunaangalia, na baada ya dakika chache ukatokea mstari mweusi mwembamba unashuka kwenye ule weupe, unatoka juu ya filta pale inapokutana na injini. Swichi kavu, nati kavu. Akasema filta haina kosa, tatizo liko inapokalia.

Akazima, akasubiri ipoe tena (hapa jiandae, mzee hana haraka kabisa), akafungua filta. Akapitisha kidole kwenye uso wa injini, akabandua kitu. Mpira mweusi, umebanwa mpaka umekuwa bapa, mgumu kama bangili ya plastiki. Ni mpira wa filta ya zamani ile ya kwanza kabisa! Uliganda pale, wale vijana wakawa wanafunga filta mpya juu yake, kwa hiyo mpira juu ya mpira, na hapo ukaze na mnyororo au na trekta, oil ikipata moto na presha lazima itafute njia. Filta zangu tatu zilikuwa nzima jamani.

Akatoa pia vipande vya silikoni, akanieleza vile vikikatika vikaingia ndani vinaweza kuziba njia za oil, filta inataka mpira wake tu na uso msafi. Akachovya kidole kwenye oil akapaka mpira wa filta mpya, akaifunga kwa mkono mpaka mpira ukagusa, afu akaongeza kama robo tatu ya mzunguko, basi, spana hakugusa. Na oil hakumimina galoni lote la lita 4, alisema injini hii ukibadilisha na filta inachukua lita 3.7, akasimamia chini kidogo ya F, alama ya kujaa kwenye dipstiki, na kilichobaki akanirudishia. Kule kwingine walimimina yote.

Ufundi 10,000. Nimekaa wiki tano sasa, naweka katoni chini ya gari kila usiku, asubuhi ni kavu.

Mabaya yake yapo. Nilifika saa tatu nikaondoka saa nane na ushee. Mvua ikinyesha hakuna kazi. Simu anapokea akitaka, risiti usiulize, na mambo ya umeme wa gari hagusi, atakwambia ukweli uende kwingine. Kwa kazi za oil nampa nyota nne na nusu, hiyo nusu nimeikata kwa sababu ya poda yangu, nilipomuuliza alisema nayo ni kifaa cha kazi, akaiweka kwenye boksi lake la spana.