Oili ya Rimula R4 X kwenye Hilux ya dizeli: mwaka mmoja na ushee wa viazi na Kitonga

Pikapu yangu ni Hilux D-4D ya lita 2.5, injini ya 2KD yenye tabo. Inashusha viazi kutoka Njombe, ikirudi inapanda mlima Kitonga na saruji mgongoni. Sio gari ya kwendea harusini.

Nilipoinunua mkononi mwa mtu, fundi aliniambia, "Mzee, injini hii imeshatembea. Tia oili namba arobaini tupu, ile nzito, ndiyo itaishika." Nikatia. Bei ilikuwa rahisi, na mimi nani nibishane na fundi?

Shida ikaja Juni, asubuhi za baridi. Nikiwasha, taa nyekundu ya oili inakawia kuzimika na injini inagonga kama cherehani iliyokauka. Ikishapata moto inatulia. Siku moja nikisubiri wapakiaji nikageuza lile galoni na kusoma mgongoni: API CD, yaani daraja la ubora wa oili. Baadaye nikajua kwamba daraja hilo limeanza 1955! Naendesha injini ya tabo kwa oili ya enzi za babu.

Na kumbe hoja ya uzito nayo ilikuwa hewa. Namba 40 tupu na 15W-40 zikishachemka zina uzito wa aina moja. Ile 40 ndiyo hiyo hiyo. Tofauti iko kwenye 15W, yaani oili inavyotiririka ikiwa ya baridi. Basi nilichokuwa nakipata zaidi ni ule mlio wa kugonga wa alfajiri tu.

Nikahamia Shell Rimula R4 X, 15W-40, daraja CI-4, jipya kuliko CD. Herufi C ni ya dizeli, S ni ya petroli, na hapo ndipo wengi wanapochanganya, kwa sababu 15W-40 ya petroli nayo ipo kwenye rafu ile ile. Taa sasa inazimika mara tu injini inapowaka. Mlio wa baridi umepungua sana, haujaisha. Injini ni ya zamani. Oili inakuwa nyeusi ndani ya siku chache, lakini hiyo ni kazi yake, inabeba masizi yasigande ndani. Namwaga kila kilomita 5,000 pamoja na filta, maana vumbi la huku unalijua.

Ningeipa nne kati ya tano. Moja naikata kwa bei, na kwa ujazo: injini inameza karibu lita 7, kwa hiyo galoni la lita 5 halitoshi, unaongeza vidumu viwili vya lita moja ambavyo ndivyo vinavyouma mfuko. Pia duka moja liliwahi kuniuzia galoni ambalo muhuri wa kizibo ulikuwa umelegea. Nikalirudisha, muuzaji akanuna, sikujali.

Kama pikapu yako ni ya kisasa yenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi, usinifuate mimi. CI-4 ina majivu mengi yatakayokiziba. Soma kitabu cha gari.

Fundi bado anashikilia namba 40 yake. Juzi aliniomba galoni tupu akawekee mafuta ya alizeti, akalikuta nimelitoboa kwa msumari. Nayatoboa yote kabla ya kuyatupa, maana wapo wanaoyakusanya kuyajaza upya.