Programu ya baridi kwa warushaji wa besiboli: ya kawaida lipieni, ya mipira mizito iacheni

Wazazi wenzangu mlio huku Minnesota ambao watoto wenu wamezama kwenye besiboli, na najua tupo, maana siku hizi hata pembeni ya uzio wa uwanja unasikia Kiswahili, naomba niwaeleze kuhusu programu ya warushaji tuliyoilipia timu yetu ya vijana wa miaka 15 na 16 kipindi cha baridi. Ni jumba la mazoezi ya ndani kusini mwa Minneapolis, yale maghala makubwa yaliyotandikwa nyasi bandia na kuzungushiwa nyavu. Jina lake silitaji kwa sababu kuna mambo nitayalalamikia na sitaki kuwaharibia riziki watu ambao kwa sehemu kubwa kazi wameifanya. Kwa anayetaka jibu la haraka: ile programu ya kawaida lipeni, ile ya nyongeza ya mipira mizito iacheni hapo hapo.

Shida yetu ilikuwa hivi. Mikono ya nguvu tunayo, lakini msimu uliopita tulikuwa tunajifunga wenyewe. Mrushaji anatupa mipira minne nje, mpigaji anatembea bure mpaka beisi ya kwanza, anayefuata naye vile vile, akija wa tatu kijana wetu ameshaingiwa na hofu anarusha mpira laini katikati kabisa, na huo ndio unaopigwa mpaka nje ya uzio, watu watatu wanaingia nyumbani, yaani pointi tatu, na wapinzani wametumia gongo mara moja tu. Kwa hiyo wazazi tulipokaa na kocha mwezi wa tisa hoja haikuwa nani anarusha kwa kasi zaidi, hoja ilikuwa nani anaweza kupitisha mpira juu ya hompleti, kile kibao cha chini anaposimama mpigaji, ambacho upana wake ni kama sentimita 43, yeye akiwa kwenye kilima, ule mwinuko wa kurushia, umbali wa mita 18 na kitu, tena afanye hivyo mfululizo hata akiwa amechoka.

Kilichonifanya niwaamini hawa jamaa ni kwamba siku ya kwanza hawakumpa mtoto yeyote mpira. Waliuliza kila mmoja mara ya mwisho alirusha lini, amecheza ligi ya vuli au hakucheza, bega au kiwiko kimewahi kuuma. Wale waliocheza mpaka mwezi wa kumi waliambiwa hakuna kurusha kabisa kwa sasa, kaeni. Wazazi wengine walinuna maana pesa imeshalipwa, ila mimi nilifurahi sana, kwa sababu mwongozo wa kulinda mikono ya warushaji uitwao Pitch Smart, ambao MLB (ligi kuu ya besiboli ya hapa) na USA Baseball (chama cha besiboli cha Marekani) waliutoa mwaka 2014 unasema kijana wa umri huo apumzike kurusha kwa mashindano angalau miezi 4 kwa mwaka, na ndani yake iwepo miezi 2 au 3 mfululizo ya kutorusha kitu chochote kwa mkono uliopanda juu ya bega. Mwongozo huo huo unasema wa miaka 15 na 16 asizidishe mipira 95 kwa siku, na akifika 76 kwenda juu apumzike siku 4. Mtu anayekuuzia mazoezi halafu anakwambia kwanza pumzika, huyo anamjali mtoto wako kuliko hela yako.

Kipindi hicho cha mapumziko ndiyo walifanya miguu, mgongo na nyonga, na zile bendi za mpira za kuvuta kwa ajili ya bega. Hapa sisemi mengi, ni mazoezi ya kawaida ambayo hata nyumbani mtu anaweza kuyafanya akiwa na nidhamu. Ila vijana wengi nidhamu hiyo hawana, kwa hiyo kuwa na mtu wa kuwasimamia kunasaidia.

Kuanzia Januari ndipo wakaanza kurusha, kwanza umbali mfupi na taratibu, wiki zinavyokwenda wanaongeza umbali, halafu ndiyo wanapanda kilimani. Na hapa ndipo pesa yetu ilipofanya kazi. Mbele ya hompleti walisimamisha fremu yenye kamba nne, mbili za kulala mbili za kusimama, zinatengeneza dirisha la straiki, yaani eneo ambalo mpira ukipita unahesabiwa ni mzuri, mdakaji anachuchumaa nyuma yake. Siyo kitu kipya, Branch Rickey, bosi wa zamani wa timu ya Dodgers, alikuwa anatumia kamba hizo hizo kwenye kambi yao kule Vero Beach, Florida, miaka mingi sana iliyopita, lakini kwa kijana aliyezoea kuangalia namba ya kasi peke yake ni shule. Mpira ukigusa kamba anauona, ukipita katikati anauona, na ukienda kombo hakuna wa kubishana naye, hakuna refa wa kumlaumu. Mwalimu alikuwa anamwambia kijana ataje kwanza anapeleka wapi, chini kulia, chini kushoto, halafu ndiyo arushe. Kijana wetu mmoja mrefu, huyu ndiye alikuwa anatugawia beisi bure kuliko wote, mwalimu aligundua mguu wake wa mbele unatua pembeni, unakanyaga upande wa beisi ya tatu, kwa hiyo mwili unabaki umejifunga na mkono unalazimika kuvuka mbele ya kifua ili kuupeleka mpira. Akamwekea utepe mweupe chini, akamwambia tua juu ya huu, basi. Jioni ile yote hakumgusa mkono wala hakumfundisha kitu kingine, utepe tu, na mipira ikaanza kuingia dirishani mmoja baada ya mwingine mpaka mdakaji akawa anacheka.

Kitu cha pili walichokifanya vizuri ni chenjiapu, mpira wa kumdanganya mpigaji kwa kasi. Vijana wa umri huu wanataka mitupo ya slaida na kevu kwa sababu inapinda na inapendeza kwenye video, lakini mwalimu mkuu alishikilia kwamba mpira wa pili wa kila mrushaji uwe chenjiapu. Unaushika ndani zaidi ya kiganja, kidole gumba na cha shahada vinakutana pembeni kama duara, mkono unakwenda na kasi ile ile ya fastiboli, ule mpira wa kasi wa kawaida, lakini mpira unafika umechelewa, mpigaji ameshazungusha gongo. Ugumu wake ni kwamba kijana anataka kupunguza mkono ili mpira upungue, na mpigaji mjanja anaona. Huku Minnesota mfano tunao mzuri, Johan Santana. Twins, timu ya ligi kuu ya hapa kwetu, walimpeleka kwenye timu yao ya daraja la chini kule Edmonton, Canada, mwaka 2002 akaifanyie kazi chenjiapu yake na kocha Bobby Cuellar, na mwaka 2004 akachukua Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, akiwa na straikiauti 265, yaani wapigaji 265 aliowatoa kwa straiki tatu, mwaka 2006 akachukua tena. Tulikuwa tunawaonyesha vijana video zake, mpigaji wa ligi kuu anapiga hewa mpira haujafika. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena habari za slaida.

Mashine ya Rapsodo wanayo, ile inayosoma kasi, mzunguko na jinsi mpira unavyosogea. Ni nzuri kwa kuangalia kama chenjiapu kweli iko chini ya fastiboli kwa maili nane au kumi kwa saa. Lakini skrini waliigeuzia upande wa vijana, na kijana akishaiona namba ya kasi anasahau kamba zote anaanza kushindana na mwenzake. Tuliomba igeuzwe imwelekee mwalimu, wakakubali ila ilibidi tuombe mara kadhaa.

Sasa hii ya mipira mizito. Kuna mwalimu kijana pale alikuwa anawafuata wazazi mmoja mmoja pembeni anawauzia kifurushi cha wiki sita cha kurusha mipira yenye uzito tofauti, mingine mizito mara kadhaa kuliko mpira wa kawaida ambao ni gramu 142 hadi 149, eti kasi itapanda. Kasi kweli inaweza kupanda, sikatai. Utafiti wa Reinold na wenzake uliotoka 2018 ulifanywa na vijana wa miaka 13 mpaka 18, wiki sita hizo hizo, na waliotumia mipira hiyo kasi yao ilipanda kwa asilimia 3.3. Lakini asilimia 24 ya kundi hilo waliumia, kundi lililofanya mazoezi bila mipira hiyo hakuumia hata mmoja. Mtoto mmoja kati ya wanne! Na hata MLB wenyewe kwenye ripoti yao ya Desemba 2024 kuhusu majeraha ya warushaji walitaja kukimbizana na kasi, pamoja na mazoezi makali ya nje ya msimu, kama sababu. Kiwiko cha mtoto wa miaka 15 bado kinakua. Kumuuzia mzazi kitu hicho bila kumwambia upande wa pili wa habari, mzazi ambaye pengine hakukulia kwenye mchezo huu na anamwamini mwalimu kwa kila neno, hapana, hilo halikunipendeza kabisa na nilimwambia msimamizi wao uso kwa uso.

Lawama nyingine ndogo: Jumamosi watu wanajaa, vilima viko vitatu, mtoto anapasha mwili halafu anasubiri mpaka anapoa, na mrushaji aliyepoa hatakiwi kuanza kurusha kwa nguvu. Jioni za katikati ya wiki ni bora mara mia. Pia wadakaji hawana programu yao, wanatumika tu kupokea mipira ya wenzao. Huu ni upungufu mkubwa, kwa sababu mrushaji anayejua mdakaji wake atauzuia mpira unaodunda chini ndiye anayethubutu kuirusha chenjiapu chini wakati mpinzani yuko beisi ya tatu tayari kuingia nyumbani. Sisi ilibidi baba mmoja wa timu aliyewahi kudaka chuoni achukue wadakaji wetu wawili pembeni awafundishe kuzuia kwa kifua na magoti.

Gharama ni dola mia nne na ushee kwa mtoto, timu ikija pamoja wanapunguza, na ukiomba kulipa kwa awamu wanakubali ingawa kwenye fomu hakijaandikwa. Nafasi zinafunguliwa mwezi wa kumi na za jioni za katikati ya wiki zinaisha haraka, kwa hiyo piga simu mapema. Muulize kabisa nani atakuwa mwalimu wa kundi lenu, na mwende na mdakaji wenu wenyewe.